Usiliulize Jina

Mezani kwangu, ghorofa ya tatu, Barabara ya Ngong,
vimelala visanduku saba vyeusi vya runinga,
kila kimoja na mkia wake wa waya.
Vitano kati ya hivyo vina jina moja,
nembo ileile, katoni ileile ya zambarau.
Gathogo wa Luthuli aliniuzia akiapa:
"Hawa ni mapacha, dada. Tumbo moja."

Tumbo moja, sawa. Lakini hawakunyonya sawa.

Huyu ana kumbukumbu ya giga mbili,
anameza picha kubwa bila kutafuna.
Pacha wake kapewa giga moja,
na hiyo moja mfumo umeshakula nusu
kabla sijabisha hodi.
Wa tatu anasema aina mpya ya video anaijua;
nikimpa, sauti inatoka, skrini inabaki giza,
kama mtu anayekuitikia simu
akiwa amejifunika blanketi.

Haya nimeyajua juzi tu.
Jumapili usiku Bi Kwamboka wa Umoja alipiga simu,
dakika ya themanini na mbili ya mechi.
"Mwanangu, mpira umeganda hewani,
na majirani wanashangilia.
Niambie basi, ni bao la nani?"

Sikuwa na jibu.
Msimbo wangu ulikiuliza kisanduku chake jina,
kikataja, nikaamini,
nikakijaza mpaka shingoni, kikapaliwa.
*Kama jina ni hili, kipe picha kubwa.*
Mstari mmoja. Niliuandika mwenyewe, saa nane usiku,
nikijiona mwerevu.

Odera, aliyeikalia meza hii kabla yangu,
aliniachia orodha:
majina mia mbili na kumi na nne,
na mbele ya kila jina, hukumu.
Huyu mpe. Huyu mnyime. Huyu mpe nusu.
Kila mwezi linashuka kontena jipya la majina,
na orodha haina habari.

Orodha naifahamu.
Niliwahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi moja mjini
na vyeti vyangu kwenye bahasha ya kaki.
Karani hakuifungua bahasha.
Alisoma kitambulisho, jina la kwanza, la pili,
akafika la tatu, akatulia,
na katika kutulia kule akajua kwetu,
akajua kura yangu, akajua ninachokula.
"Tutakupigia."

Jana nimeifuta orodha.
Mkono ulisita kidogo; Odera alitoka jasho kwa kazi ile.
Mahali pake nimeandika maswali:
Umebakiwa na kumbukumbu kiasi gani?
Si ile ya kwenye katoni, hii ya sasa hivi.
Video hii unaiweza? Usiniambie, nionyeshe.
Nakupa sekunde moja ya picha ya majani ya chai
yakitikiswa na upepo,
nami nahesabu fremu unazoangusha.

Wengine bado wananidanganya.
Yupo anayefaulu mtihani akiwa baridi,
halafu baada ya nusu saa anapata joto, miguu inalegea.
Kwa hiyo namuuliza tena katikati ya safari,
polepole, asijue ninauliza.
Na yupo yule wa saba,
asiye na nembo wala katoni,
ambaye akitakiwa jina hutoa herufi kumi na moja ovyo ovyo:
picha ndogo anaibeba usiku kucha
hata fremu moja haimponyoki.

Leo nimempigia Bi Kwamboka. Aiwashe.
Nikasikia kwa mbali mtangazaji, kijiko, mtoto.
"Si safi kama ile ya mwanzo," akasema,
"uso wa kipa siuoni vizuri. Lakini inakwenda."
Akanyamaza, akitazama. Nikanyamaza naye.
"Na lile bao," akasema, "ulinitafutia?"

Nilikuwa nimetafuta.
Lilikuwa la wageni.
Nikamwambia mtandao unakatika, nitampigia.