Mshika Mnyororo

Waliniambia ni maonyesho ya mistari.
Nikasema, basi hiyo ni kazi yangu:
miaka thelathini na mmoja nimeshika mnyororo wa upimaji,
ncha moja kwa bwana mpima, ncha nyingine kwangu,
katikati majani ya kahawa na matusi ya wenye shamba.

Ghala ni lile la zamani, nyuma ya stesheni ya Moshi.
Magunia hayapo tena. Kuta zimepakwa chokaa,
lakini mvua ikikaribia sakafu hutoa harufu ya buni,
na leo mlima umejifunika tangu asubuhi.

Wasanii saba. Mjukuu wangu Aikande ni wa sita ukianzia mlangoni.

Wa kwanza, Mbazi, kijana wa Same,
amechora kwa wino mweusi mistari mia nne, labda zaidi,
hakuna hata mmoja uliokutana na mwenzake.
Nikainamisha kichwa, nikafumba jicho la kushoto
kama tulivyofundishwa: imepinda. Yote imepinda.
Panataka bikoni hapa, na pale, nikamwambia.
Akacheka, akanipa juisi ya ukwaju.

Wa pili ametandaza uzi mwekundu ukutani
kwa misumari ya viatu. Uzi unakwenda, unasita,
unarudi nyuma kama mtu aliyesahau funguo.
Wa tatu sikumwelewa, sitadanganya.
Wa nne amekwaruza bati;
mkwaruzo wake niliusikia kwenye meno.

Watu wanasimama mbali, kisha karibu, kisha mbali,
wanasema "mm".
Mama mmoja, kitenge cha bei mbaya, anauliza: hii ni nini?
Kijana wa mlangoni anamjibu: ni mstari, mama.
Naona ni mstari. Wa nini?

Swali hilo, mama, niliulizwa kule Kibosho
mwaka ule kahawa iliposhuka bei,
na ndugu wawili, Elinami na Ndelilio,
matanga ya baba yao hayajaisha.
Masale yalisimama pale tangu babu wa babu,
yamepinda, ndiyo, yakifuata mfereji,
nasi tukaja na mnyororo ulionyooka.
Usiku Elinami alinifuata na mguu wa mbuzi.
Asubuhi kigingi kilikuwa kimetembea hatua tatu.
Kigingi hakina miguu.
Mguu niliula mimi.

Mpaka leo hawaamkiani. Watoto wao
wanapita njia mbili kwenda kanisa moja.

Nikafika kwa Aikande.
Karatasi ndefu kama mlango, kalamu ya risasi, basi.
Mstari mmoja. Unaanza chini, kushoto,
mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga,
unapanda, unazunguka kitu ambacho hakipo,
mahali fulani unatetemeka
(hapo, nadhani, mkono ulichoka, au simu iliita)
halafu unaendelea bila kuomba radhi.
Safari hii sikufumba jicho.
Upande huu weupe. Upande ule weupe uleule.
Nilitafuta nani amepata na nani amepunjwa,
nikatafuta tena, kwa mazoea.

"Babu, umeonaje?"
Koo likanikaba. Nikasaka neno la kitaalamu.
Nikamwuliza: unaishia wapi?
"Hauishi. Karatasi ndiyo imeisha."

Nje manyunyu yameanza.
Kwenye ua wa ghala kuna masale yaliyopandwa kama pambo tu,
na mlinzi anayatundikia koti lake.
Nimechuma jani moja. Hakuniuliza.
Ndelilio sasa ana miaka themanini na kitu, macho yamekwisha;
hataona ni nani amesimama mlangoni.
Jani atalijua kwa vidole.
Nimelifunga fundo, kama inavyopasa,
na fundo limekataa kukaa sawa,
nikalifungua, nikalifunga tena.