Mlinzi wa Mkuza, Madimba

Hapa chini ya nyayo zangu gesi inapita,
haina harufu, haina salamu,
inakwenda kuwasha taa za watu
wasiojua Madimba iko upande gani.

Mimi ndiye mlinzi. Nina buti, filimbi,
na daftari la kuandika: Hali shwari.

Juu ya bomba hapapandwi mti.
Mikorosho kumi na saba ya mama yangu, Somoe,
ilipigwa rangi nyekundu, ikahesabiwa, ikalipwa,
ikalala ubavu na mabibo yake mabichi.
Fedha ikaezeka bati. Bati halizai.

Nikirudi, navua buti, naingia jikoni:
mama kapiga magoti, anapuliza kuni za mkoko,
mbichi, zinatoa machozi kabla ya moto.
Siulizi kazitoa wapi.
Nilimkatia mwenyewe, siku ya mapumziko,
kwa panga la kazini.

Sasa chumvi imefika kisimani.
Tunaonja, tunatazamana,
kila mmoja akimsubiri mwenzake ateme.

Kesho nina zamu ya asubuhi.
Nitafungua daftari.
Kalamu ninayo.