Kifundo cha Mkono wa Kushoto

Kila Jumanne, saa moja jioni,
nikishamaliza barua za mtaa wa nyuma ya stesheni,
napanda ngazi za dojo lenye paa la mabati
na kumshika Bi Tome kifundo cha mkono wa kushoto.

Namshika kwa nguvu. Ndiyo kazi niliyopewa.
Ana miaka sabini na moja; mkono wake
mwembamba kama kijiti cha mtufaha uliopogolewa.
Siku ya kwanza niliogopa kuuvunja.
"Shika," alisema. "Umeshika kama mtu anayeomba radhi."

Nikakaza.
Akaniacha nikaze.
Hakuvuta, hakusukuma, hakukunja uso.
Aligeuka tu juu ya kidole gumba cha mguu,
kama mlango kwenye bawaba,
na mbele yangu hapakuwa na mtu.
Alikuwa kando, bega kwa bega,
akitazama nilikokuwa nikitazama:
dirisha, theluji, taa ya duka la sake.
"Kumbe huku ndiko unakoelekea," akasema.
"Basi twende."

Nikaenda. Nikaenda hadi sakafuni.
Mkeka ulinuka nyasi kavu
na jasho la watoto wa darasa la saa kumi.

Husemwa kujikwaa si kuanguka.
Mimi nimeanguka,
mara elfu na ushei kwa hesabu ya tarishi,
na kila mara nimeinuka nikiwa nimeelekea upande mwingine.

Mwalimu Narumi ni fundi bomba, hana maneno mengi.
Ukimuuliza amani ni nini, anakupa kitambaa ufute mkeka.
Usiku mmoja nilimuuliza:
na yule asiyekushika?
Anayekununia miaka tisa?
Akanitazama kama ukuta wenye unyevu
ambao hajajua unavuja wapi.

Kaka yangu Kiyoshiro alibaki na shamba la matufaha
chini ya mlima Iwaki.
Mimi nilibaki na baiskeli ya posta
na yale niliyoyatema kwenye matanga ya baba.
Miaka tisa nimemtilia barua sandukuni, barabarani,
bila kubisha hodi.
Nayajua madeni yake yote kwa unene wa bahasha.

Februari hii sikuishia sandukuni.
Nilimkuta kati ya miti, msumeno mkononi,
theluji ikimfika magotini.
Aliniona. Hakusalimu.
Nilikuwa na maneno, nimeyapanga tangu darajani,
yote ya kusemwa ana kwa ana.

Nikageuka, kwa shida, buti zimejaa barafu,
nikasimama kando yake,
nikatazama alikokuwa akitazama:
tawi kubwa, limepasuka shinani kwa uzito wa theluji,
likining'inia kwa gome.

"Litapona?"
Kimya kirefu. Kunguru mmoja.
"Shika hapa," akasema.

Nikashika.