Herufi Yenye Mkia

Mwezi wa kumi na moja, At-Bashy. Theluji imefika magotini
na makaa ya mawe ya serikali bado yako njiani.
Nimewasha jiko kwa samadi kavu aliyoileta mama yake Begimay;
darasa linanuka zizi, na hakuna anayejali.
Ishirini na watatu. Makoti hawavui.
Wino umeganda kalamuni, wanazipasha kwapani
kama kuku aliyelalia mayai.

Leo ni zamu ya herufi yenye mkia.
Naichora ubaoni: ngazi ya kidato kimoja,
halafu chini, mguu wa kulia, kijimkia.
Semeni kwa pua, nawaambia, ulimi urudi nyuma.
Tang', wanasema, alfajiri.
Mung', wanasema, huzuni.
Zuura anatoa makamasi ya kweli. Tunacheka, tunaendelea.

Sonunbek ameinua mkono, wa kushoto,
ule ambao mwalimu aliyenitangulia angeuchapa kwa rula.
Huandika kwa huo, na herufi zake hulala chali
kama kondoo walioshiba.
Baba yuko Urusi, anabeba matofali. Mama alimfuata theluji ilipoyeyuka.
Nyumbani kuna bibi, na ndama.

"Mwalimu, mbona hii haitangulii?"
Haitangulii nini?
"Neno. Kila neno inakaa mwisho, au inabanwa katikati.
Imekosa nini?"

Miaka kumi na tisa nafundisha darasa la kwanza.
Nimeulizwa kama herufi hulala, kama nukta huuma,
kama sifuri ina njaa.
Hili sikuwahi kuulizwa.
Nikasema: ndivyo lugha ilivyo.
Jibu la mtu mzima anayesubiri kengele ilie.

Jumatatu likaja daftari lake.
Andika maneno matano yenye herufi tuliyojifunza.
Manne yapo; yamelala chali, lakini yapo.
La tano limeanza na mkia:

ng'ng'ng'ng'ng'

limevuka mstari, limepanda pambizoni,
limebakiza kidogo litoke nje ya karatasi.
Hili ni nini?
"Ndama. Usiku.
Mama yake aliuzwa Ijumaa."

Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi.
Alhamisi anakuja mkaguzi, yule wa miwani ya kamba,
ahesabuye makosa tuliyoyaacha yapite.
Na kitabu cha mwalimu, sina haja ya kukifungua, kinasema:
haitangulii kamwe.

Nikamwambia, basi lisome.
Akasimama. Akafumba macho, akalisoma
kwa pua, mdomo umefungwa, refu,
mpaka Zuura akaacha kucheka.
Na Tilek, ambaye tangu Septemba
hajapata kusoma silabi moja bila kuniangalia usoni kwanza,
akalisoma naye.
Kisha dawati la nyuma. Kisha wote,
ishirini na watatu, neno moja, hakuna aliyekwama.
Aliyepita nje angedhani tumefuga.

Lugha za dunia sizijui. Najua hii,
na Kirusi cha kununulia sukari.
Lakini usiku ule, umeme umekatika,
madaftari mapajani, mshumaa ndani ya bakuli,
nikawaza: dunia pana.
Labda wapo watu mahali pasipo theluji
walioipa herufi hii kiti cha mbele,
na wakimwita mnyama yule jioni arudi zizini
huanza nayo.

Sikuweka alama ya kosa. Ya sahihi pia nilishindwa.
Niliandika pembeni, kwa penseli, ili ifutike upesi:
Mkia umeuchora vizuri.

Makaa yalifika Jumatano.
Mkaguzi hakufika; njia ya mlimani ilifungwa.
Penseli ingali pale.