Gurudumu la Nne

Kila mbao ina mwenyewe.
Hapa kwangu Majengo, nyuma ya kinu cha kusaga mahindi,
kitanda ni cha bibi harusi, kabati ni la mwenye pesa,
na makombo yanayodondoka chini ya jiriwa
ni ya Mwanasiti, mpika mahamri.
Ndivyo tulivyopatana tangu mwaka wa mafuriko:
mimi simwuzii, yeye haniuzii.
Alfajiri huniachia manne mlangoni, yamefungwa gazetini.
Jioni huja na gunia.

Huja na Badi pia, mwanawe, miaka mitano,
mtoto asiyeomba.
Hukaa juu ya rundo la maranda
akavipanga vipande kabla havijaingia guniani:
hiki nyumba, hiki ng'ombe, hiki baba.
Kisha mama husema haya,
na nyumba na ng'ombe na baba huingia gizani,
naye halii.
Hilo ndilo lililonichoma, kwamba halii.

Siku moja umeme ukapotea mchana kutwa.
Mashine kimya. Mwenye kabati hapokei simu.
Nikaokota kipande cha mvule, urefu wa shubiri,
kilichokataliwa na mguu wa kitanda,
nikakichonga kichwa cha gari kwa msumeno wa mkono.
Ubavu niliutoa kwenye sanduku la chai la bandarini,
bado una herufi mbili za wino, sijui za neno gani.
Mihimili, ujiti wa mwavuli.
Magurudumu matatu, mpini wa fagio,
na mpini ukaishia hapo;
la nne nikalikata kwenye mpini wa jembe.
Nikapiga msasa mpaka kidole kikapita bila kusita,
maana mtoto hukijua kitu kwa shavu na kwa ulimi
kabla hajakijua kwa mkono.
Rangi sikupaka. Ya mvule yatosha,
na ya dukani sijui ina nini ndani.

Likaenda upogo.
Ulisukume mbele, lapinda kushoto
kama mbuzi anayejua kwao.
Nikamwambia Badi, lete nilinyoshe.
Akalificha nyuma ya mgongo.
"Usiliguse. Ndiyo njia yake."
Akajifunza kulianzisha kulia ili lifike mbele,
na mimi, miaka thelathini katika kazi hii,
nikasimama na tupa mkononi, sina la kusema.

Masika yakaja kwa kumwaga.
Kuni za mtaa mzima zikavimba,
hata makombo yangu yakaota ukungu,
na Mwanasiti ana oda ya mahamri mia tatu,
arusi ya watu wa Mwembe Tayari.
Jioni mbili hakuja.
Ya tatu akaja, hakuingia,
akasimama kizingitini, gunia kajifunika kichwani.
"Fundi, saa tisa usiku moto ulikuwa wazimika."
Hakumaliza. Sikumwuliza amalize.
Asubuhi ile nilikuwa nimekula manne yangu
na chai ya tangawizi,
nikayasifu peke yangu, yameumuka vizuri leo.
Sasa yakanirudi kooni.

Badi akapenya chini ya mkono wa mamake,
akafungua kiganja.
Magurudumu manne, yameloa jasho.
Aliyachomoa mwenyewe, moja moja,
mama amesimama anangoja na makaa yanafifia,
ndipo akalitoa gari.
"Nimempa mbao," akaniambia.
"Haya si mbao. Haya ni ya gari."

Sikungoja umeme upotee.
Kitanda cha watu kikalala ubavu,
nikavuta kipande kilichokuwa kikavu, mninga safari hii,
mzito kidogo, mwekundu ndani.
Mwanasiti akakaa juu ya gunia, akanishikia taa ya simu.
Nikavisha la kwanza, la pili, la tatu.
Nilipofika la nne nikalipima kwa jicho
na mkono ukaenda wenyewe kwenye tupa, mazoea tu.

Badi akakohoa.

Nikairudisha tupa msumarini.