Tundu la Kumi na Saba

Mstari wenyewe hauonekani ukiukodolea macho.
Inamisha picha, ielekeze mlangoni,
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, kabla jua halijawa kali,
ndipo unajitokeza: mwembamba, mpauko,
kama ukucha uliopita juu ya utando wa maziwa.

Bi Mwanakombo Shekigenda aliuona kabla yangu.
"Kijana, mbona umemkata baba yangu vipande?"
Nikameza mate. Picha kubwa, ya ukutani,
khitma ni keshokutwa,
na karatasi za kung'aa zimebaki tatu.

Kwanza nilihesabu. Rula juu ya kifua cha mzee:
mstari, nafasi, mstari, nafasi,
sawasawa, kama hatua za mlinzi wa benki.
Mistari inayolingana haina siri, hiyo ni mashine.
Ikishuka na karatasi, shuku roli, shuku vumbi;
ikikimbia na kichwa cha printa, shuku matundu.
Hii ilikimbia na kichwa.

Nikachapa karatasi ya majaribio,
vidaraja vidogo vya kila rangi.
Nyeusi, nzima.
Manjano huficha maovu, mpaka umulikie taa ya buluu. Nzima.
Samawati hafifu: kidaraja cha kumi na saba hakipo.
Pengo dogo kuliko sisimizi,
na mtu mzima amegawanyika.

Nikasafisha mara moja. Mara ya pili.
Ya tatu nikajizuia: wino si maji ya bomba,
na kusafisha kukizidi huziba hata lililokuwa wazi.
Nikakiacha kichwa kipumzike, nikamimina chai,
yeye akinisimulia mashamba ya mkonge njia ya Muheza,
korona ilivyonguruma hadi usingizini.

Kidaraja kikarudi. Nikachapa upya.
Mistari yote imekwenda
isipokuwa mmoja, begani.

Huu hauna wenzake.
Nikailaza picha ubavu ndani ya kompyuta,
nikachapa kipande kwenye karatasi ya kawaida:
mstari ukalala naye.
Kumbe si wa printa. Kumbe ni wake.

Nikaweka lenzi juu ya picha ya zamani, kona zimeliwa:
uzi wa mkonge, umenata kwenye shati la kazi,
mweupe, umejikunja kidogo mwishoni.
Mpiga picha hakuupangusa.

"Niufute? Dakika mbili tu."
Akaushika mkono wangu wenye kipanya.
"Alikuwa akirudi nazo hadi kwenye ndevu.
Mama akimchambua, huku anamgombeza.
Ukiutoa huo, utanipa baba wa watu."

Akaichukua ile ile.
Nikamtoza karatasi moja, ya kwanza nikaila hasara mwenyewe.

Jumatatu tundu la kumi na saba likaziba tena.
Nikalitukana kwa Kisambaa,
nikabandika maji ya chai.