Tumeshavuka

Pale Namanga noti zetu nene za korosho
ziliingia dirishani, zikatoka zimekonda.
Somoe akazihesabu mara tatu, akazifunga pindoni.
"Hizi zimeugua nini njiani?"

Tukateremka Nairobi alfajiri, mwezi wa saba,
na baridi ikatupokea kabla ya mtu yeyote.
Shuleni tulisoma kwamba Ikweta ni joto.
Kwenye lundo la mitumba, chini ya taa ya karabai,
Somoe akachomoa sweta ya kijani, sare ya mtoto wa watu;
ndani ya ukosi, kwa uzi mweupe: WAFULA 4B.
Akaivaa juu ya khanga zake mbili.
Mikono ikamwishia karibu na viwiko.

Kisha watu.
Newala, siku ya mnada, unaona watu,
lakini kila mtu ana jina,
na kila jina lina deni, au binamu.
Hapa walimwagika kama mchele guniani,
punje haimjui punje.
Nilimwamkia mzee wa kwanza, shikamoo,
na wa pili, na wa tatu;
wa nne alinipisha kama mtu anayempisha mwehu.
Nikaacha. Koo likaona haya.

Lugha ni yetu, ati. Mkahawani
tuliagiza wali na karanga,
maana njaa ya safari haitaki makuu.
Ikaja nyama, inaogelea mchuzini.
"Mama, si uliitisha karanga?"
"Nimeziomba, mwanangu. Ila hizi zina mifupa."
Kijana akacheka mpaka akaweka sinia chini.
"Mnaongea kama redio," akasema,
akatuongezea chapati ambayo hatukuilipia.

Juu ya miti ya barabarani
ndege wakubwa wenye vipara wamesimama,
makoti meusi, mabega juu,
kama makarani wa mirathi.

Chumba, ghorofa ya nne. Bomba lilikohoa, likanyamaza.
Nikaona aibu kana kwamba mji ule nimeujenga mimi:
miaka ishirini na saba nimemuahidi mahali
ambapo hatabeba ndoo.
Somoe akachungulia dirishani.
Chini, mtu na mkokoteni, mitungi ya njano ishirini,
mishipa ya shingo imemsimama.
"Kumbe na huku," akasema,
na kwa mara ya kwanza tangu mpakani
akakaa kitako, akavua viatu.

Jioni tukatoka, kutazama tu.

Lazima niseme na hili: kwetu mimi hutangulia na baiskeli,
yeye hufuata, hatua tano, sita,
na maneno yetu hurushwa hewani
kama ya watu wanaogombana.
Ndivyo walivyotembea baba na mama.
Lakini pale mtaa wa Ronald Ngala
umati ulitukata katikati kama kisu kwenye muhogo.
Nikageuka: vichwa, vichwa, mabegi, mtu kabeba godoro,
na mbali kabisa, kipande cha kijani cha Wafula.
Nilirudi kwa viwiko. Nikaukamata mkono wake.

Mkono huo umenilisha, umenikanda homa,
umefukia pamoja nami makaburi mawili mafupi.
Barabarani sikuwahi kuushika.
Ulikuwa mkavu, una makovu ya utomvu wa maganda,
na una moto kuliko sweta.

Nilitazama huku na huku, nani ametuona.
Watu maelfu. Hakuna jicho.
Hapo ndipo nilipoipenda ile nchi,
kwa dakika kama mbili hivi.

"Tumeshavuka," nikamwambia, ng'ambo ya pili.
"Najua," akasema.

Tukapita duka la masufuria, duka la sare, msikiti,
fundi wa saa,
duka lilelile la masufuria.
Tulikuwa tumepotea.
Hakuna kati yetu aliyesema tuulize.